Jozi ya Kulwa na Doto

Mtoto aliweka kiganja juu ya kioo, na kabla hajavuta pumzi ya pili kipimaumri kilikwisha kumsoma. Mwanga wa kijani ulipita chini ya vidole vyake, ukakagua uchakavu wa chembe za mwili wake kama mtu anayesoma pete za gogo lililokatwa, kisha sauti tulivu ikatangaza: "Miaka kumi na miwili. Daraja la Watoto." Foleni ikasogea. Hakuna aliyeulizwa cheti cha kuzaliwa. Katika Tabora ya zama hizo vyeti vilikuwa vimeghushiwa mpaka Ligi ya Karata ikaacha kuviamini. Vijana wenye ndevu walikuwa wakinyoa alfajiri na kwenda kuwanyang'anya watoto vikombe. Kipimaumri ndicho kilichokomesha mchezo huo, kwa sababu mwili haujui kudanganya miaka uliyoiishi.

Aliyekibuni alikuwa amesimama kando ya mlango wa ukumbi wa Ligi, mikono mfukoni. Mhandisi Kulwa Maganga alikuwa na miaka arobaini, na mvi zilikwisha kuanza kumchungulia masikioni. Siku hiyo hakuwa kazini. Alikuja kumsindikiza dada yake pacha, aliyekuwa kwenye foleni akirukaruka kwa mguu mmoja.

Doto alikuwa na miaka kumi na minne.

Walizaliwa siku moja, Kulwa akitangulia na Doto akimfuata. Wakiwa wadogo walicheza karata kama watu wanaogawana kichwa kimoja, na walipoingia daraja la Chipukizi walipanda hadi nafasi ya tatu nchini. Ndipo damu ya Doto ilipoanza kujila yenyewe. Tiba haikuwepo. Madaktari walimpa mama yao njia moja tu: usingizi baridi, ambao unausimamisha mwili kabisa, usikue wala usioze, mpaka dawa ipatikane. Doto akalazwa ndani ya kasha la barafu huku akimwambia pacha wake, "Usicheze na mtu mwingine, sikia?"

Dawa ilichukua miaka ishirini na sita kupatikana.

Kulwa hakucheza na mtu mwingine. Walimjia wengi, wachezaji hodari, akawajibu kwamba ana mwenzake. Badala ya kucheza alisomea uhandisi, akaingia Ligi, akatengeneza kipimaumri, na pia Mpangasafu, ile akili ya mashine inayowapanga wachezaji wote kwa pointi zao. Kanuni zake zilikuwa rahisi. Kila daraja lina safu yake, Watoto, Chipukizi na Wazima, na pointi za daraja moja haziendi daraja jingine; anayepanda anaanza na sifuri. Mdogo anaweza kuomba kupanda. Mkubwa hashuki kamwe. Pointi za jozi ni mali ya jozi, nayo ikivunjwa zinafutika. Kisha Kulwa aliongeza kanuni moja ambayo wenzake hawakuelewa aliitakia nini: muda wa usingizi baridi hauhesabiwi, na jozi yenye mchezaji aliyelala hubaki mahali pake.

Kwa hiyo Doto alipoweka kiganja kwenye kioo, sauti ilisema: "Miaka kumi na minne. Daraja la Chipukizi. Jozi ya Kulwa na Doto, nafasi ya tatu."

Ukumbi ukapiga makofi. Doto akacheka, akamvuta kaka yake mkono. "Weka na wewe!"

"Doto, subiri kwanza."

"Weka bwana!"

Akaweka. Mwanga wa kijani ukampitia. "Miaka arobaini. Daraja la Wazima. Jozi hii haiwezi kucheza."

Doto aliitazama mashine, kisha akamtazama Kulwa. "Si umeitengeneza wewe? Iambie basi."

"Niliitengeneza ili isiambiwe."

Msichana akauachia mkono wa kaka yake. Tangu aamke alikuwa amekwisha kupewa habari nyingi ngumu kama hiyo. Alipofumbua macho alimwuliza yule mwanamume aliyeketi kando ya kitanda, "Mjomba, Kulwa yuko wapi?" Kulwa akamwonesha kovu la kidevuni, la siku waliyoanguka pamoja na baiskeli, ndipo akaamini. Swali lililofuata lilikuwa la mama. Kulwa akamshika mikono tu, na Doto akaelewa.

"Basi nitapanda mimi," Doto alisema. "Nitakufuata huko kwa Wazima. Sifuri ni sifuri tu, tutapanda tena."

Kulwa alijua haifai. Chipukizi mmoja kati ya watu wazima ni upweke mtupu, na yeye mwenyewe alikuwa hajashika karata tangu ujana wake. Lakini alikuwa amemngoja kwa nusu ya maisha yake na zaidi. Akakubali.

Mashindano ya kujipima kabla ya msimu yaliwakuta mezani wakikabiliana na mabwana wawili wa makamo kutoka Nzega, watu wapole waliomkaribisha Doto kwa tabasamu la kumwonea huruma. Pazia la sauti likashushwa kuizunguka meza, na kuanzia hapo hakuna aliyeruhusiwa kusema neno wala kukonyeza. Hilo halikuwahi kuwasumbua mapacha. Zamani Doto alikuwa akivuta pumzi tu, Kulwa akajua.

Turufu ilikuwa kopa. Mchezo ulikuwa sare, na karata zilizobaki zilikuwa chache. Doto akatupa tatu ya shupaza, karata hafifu kabisa. Bwana wa kwanza wa Nzega akaweka saba. Zamu ikawa ya Kulwa, na mkononi alikuwa na ree ya shupaza, karata kubwa kuliko zote za aina yake. Alimwelewa dada yake barabara. Tatu ile ilikuwa na maana moja tangu utoto wao: *tupa kubwa yako sasa hivi, usifikiri.*

Akafikiri. Je, yule wa nyuma kama hana shupaza? Akiikata kwa kopa je? Mtu aliyezika mama na kuketi mbele ya kasha la barafu mwaka baada ya mwaka hujifunza kuweka akiba. Kulwa akaibana ree, akaweka tisa. Bwana wa pili akashusha mzungu wa shupaza, karata ya picha ambayo ree ingeimeza, akazizoa zote. Mizunguko iliyobaki ikaenda nao.

Pazia likainuliwa. Mabwana wakatoa mikono, wakaondoka. Doto hakuinuka.

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Na uliniona?"

"Nilikuona, Doto."

"Kulwa angeitupa."

"Mimi ndiye Kulwa."

"Najua," alisema, na machozi yakamtoka. "Najua ni wewe. Nakupenda sana, Kulwa, nawe unanipenda, umeningoja. Lakini yule niliyekuwa nacheza naye hayupo, na hakuna aliyenipa hata nafasi ya kumlilia."

Kulwa alihisi kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akimlindia dada yake kiti, akasahau kwamba mwenye kukaa kwenye kiti cha pili alikuwa akiondoka kidogo kidogo, kila asubuhi, mbele ya kioo cha kunyolea.

"Kuna msichana anaitwa Mbuke," Doto alisema baadaye, akiwa amekwisha kufuta uso. "Yuko Chipukizi. Mwenzake amehama. Aliniomba juzi, nikamkatalia."

Msimu ulikuwa bado haujafunguliwa, pointi zao za Chipukizi zilikuwa bado hazijaondolewa, na kanuni ilimruhusu mdogo kurudi chini kwa sharti moja, kwamba jozi yake ivunjwe. Wakaenda pamoja kwenye kioo. Mpangasafu akauliza kama wana hakika, maana pointi hazingerudi. Doto aliweka kiganja kwanza. Kulwa aliweka chake kando ya kile, kikubwa, chenye mishipa, na majina yao yakazimika kwenye safu ya Chipukizi, nafasi ya tatu. Walio chini yao wakapanda nafasi moja, kimya kimya, bila mtu kupiga makofi.

Siku ya kwanza ya msimu Kulwa alisimama ukumbini akikagua mitambo. Wasichana wawili wakaja wakikimbizana, wakicheka jambo lao, wakasimama ghafla walipomwona mbele yao. Mbuke, mtoto aliyelelewa vizuri, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Na Doto, akiwa bado anahema, mawazo yake yote yakiwa kwenye meza iliyokuwa ikiwangoja, akafuatisha bila kufikiri: "Shikamoo."

Alishtuka neno likiwa limekwisha kutoka. Akaweka mkono mdomoni. Maishani mwao mapacha hao hawakuwahi kuamkiana hivyo.

Kulwa akajilazimisha kutabasamu, ili asimharibie mchezo.

"Marahaba, wanangu," alisema. "Nendeni, msichelewe."