Aliyemjibia Fundi

Mteja alipomsalimia, Fundi alikuwa amebana pini mdomoni. Kila mshona nguo anajua kwamba ukiwa na pini kati ya midomo huongei, labda utake kuzimeza. Mteja akasema, "Hujambo fundi, na hali yako hiyo?" na sauti tamu, iliyonyooka, ikajibu, "Sijambo kabisa, namshukuru Mungu." Mteja akaridhika, akaacha kitambaa chake, akaenda. Fundi akazitema pini kiganjani na kugeuka. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi.

Mimba ya Fundi ilikuwa imekua. Daktari aliyempiga picha ya tumbo alishamwambia wazi kwamba moyo wa mtoto una tundu, lakini akizaliwa katika hospitali kubwa wapo wapasuaji wa kuliziba. Habari ya kutisha, sawa, lakini yenye njia. Kilichomchosha ni watu wa nyumbani. Mama mkwe alipiga marufuku hata neno lenyewe. "Kinachotajwa huja," alisema, basi nyumba nzima ikawa inaliita "ile habari," kana kwamba mtoto ameiba kuku wa watu. Fundi akidiriki kusema anaogopa, jirani anamkatiza kwamba mama akilia mtoto huumia. Na mumewe, fundi wa majokofu, mtu mwema asiye na msaada wowote siku kama hizo, alikuwa na neno moja tu: usiwaze. Kama vile mawazo ni bomba, unafunga koki.

Siku moja alimkalisha mumewe jikoni. "Mume wangu, nataka unisikilize. Mimi na—"

"—nashukuru tu, leo niko vizuri," sauti ikamalizia.

Mume akashusha pumzi, akampiga begani kwa upendo, akarudi kwenye jokofu lake. Fundi alibaki amekaa, na hasira ilimpanda kuliko hofu. Jini lenye sauti ile lilimwibia mdomo, na hakuna aliyegundua, kwa sababu lilisema yale yale waliyotaka kuyasikia.

Kliniki nako hivyo hivyo. Nesi aliuliza bila kuinua macho kama analala, na sauti ikajibu, "Usingizi wa pono." Fundi alikuwa hajafumba jicho.

Kisha mtoto akaacha kucheza. Fundi alikunywa maji baridi, akalala ubavu, akageukia wa pili, akajibonyeza tumbo huku akimsihi kimoyomoyo, na kadiri alivyotaka kumwita mtu ndivyo harufu ile ya ubichi ilivyopanda kooni na kuubana ulimi wake, hata alipotoka mbio barabarani amevaa kandambili, na watu wakamuuliza kulikoni, sauti ikawa inacheka na kuwaambia anakwenda kunyoosha miguu.

Katika hospitali kubwa ile alipokelewa na mkunga mmoja mnene, wa makamo.

"Mtoto anacheza?"

"Anacheza sana, hata jana kaninyima usingizi."

Fundi akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. Akaushika mkono wa mkunga na kuuweka tumboni. Mkunga akainama. Akanusa. Akaenda kufunga mlango, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sikuulizi wewe. Namuuliza mama wa mtoto."

"Ndiye mimi."

"Wewe hujabeba kitu. Nyamaza." Akavuta kiti karibu kabisa na kitanda cha Fundi. "Sema, mwanangu. Mficha uchi hazai. Sitakukatiza, na ukitaka kulia, lia."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo tangu siku ile ya picha. Koo likamkwaruza kama linatoa mfupa.

"Naogopa," Fundi akasema, na ilikuwa sauti yake, mbaya, ya mafua. "Moyo wa mwanangu una tundu, na tangu jana hachezi."

Mlango ukafunguka wenyewe na kujibamiza ukutani. Mkunga hakuutazama. Alikuwa tayari anasukuma kitanda kwenda chumba cha upasuaji.

Mtoto alitolewa hai, wa kike, midomo ya bluu, kilio chembamba. Wapasuaji wa moyo walikuwa wakimsubiri. Mume na mama mkwe walifika mbio, na mkunga akawauliza ukumbini swali ambalo daktari alilihitaji.

"Katika ukoo wenu, yupo aliyewahi kuzaliwa na shida ya moyo?"

"Hakuna," mume akasema. "Mama alinizaa mimi tu."

Mkunga akamgeukia mama mkwe. "Mama?"

Mama mkwe alijishika koo. Machozi yalimshuka mashavuni, na midomo yake ilikuwa imefumbwa.

"Hakuna, mwanangu," sauti tamu ikajibu kwa utulivu wa mwenye nyumba. "Nilizaa huyu mmoja, nami sijambo kabisa."

Mume akasogea amkumbatie, akakutana na harufu ya nguo mbichi. Akamtazama mama yake usoni. Midomo ile ilikuwa ikitetemeka, ikijaribu kufunguka, itaje jina la mtoto mwingine, ambaye mume hakuwahi kuambiwa habari zake.