Mbao Aliyokuja Nayo

Jioni ile nilitoka mara moja tu, kununua mafuta ya taa duka la kona. Koroboi ya karakana ilikuwa imekauka, na bila koroboi mimi sina kazi.

Mimi ni fundi wa vitako vya bunduki, ile sehemu ya mbao ambayo mwindaji huiegemeza begani. Kaka yangu ni fundi wa chuma. Baba alitugawia kazi hivyo tukiwa wadogo, na alipofariki akatuachia karakana, nyumba iliyo nyuma yake na ua mdogo katikati. Watu wananiita Mama Randa. Sina mtoto, lakini randa wanasema nimeilea vizuri.

Siku hizo kaka alikuwa kitandani. Kifua. Kilianza kama kikohozi cha kawaida, kikageuka kitu kinachombana mpaka anashika ukuta. Hospitali walimpiga picha, wakasema hawaoni kitu. Mke wake, wifi yangu, alikuwa akimchua kwa dawa yenye kafuri. Nyumba nzima ilinuka kafuri, hata chai.

Narudi na chupa yangu ya mafuta, namkuta wifi mlangoni mwa karakana. Ananong'ona na mwanamke nisiyemjua.

Waliponiona wakanyamaza.

"Wifi, una mgeni," akasema, akanipita bila kunitazama usoni, akaingia ndani.

Mgeni alikuwa mtu mzima, gauni jeusi lililopigwa pasi, viatu vya kufunika. Mchana mvua ilikuwa imenyesha, na barabara yetu ikinyesha si ya kuchezea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimerudi na nusu ya barabara kwenye kandambili zangu. Viatu vyake vilikuwa safi. Safi kabisa.

Na alikuwa na harufu. Ile harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Akaweka mezani mtutu wa bunduki pamoja na vyuma vyake vya chini, vimefungwa kwa kitambaa cha buluu chenye mistari. Kando yake akaweka mbao nyekundu, imeshachongwa umbo la kitako. Ilibaki kazi moja tu, kukalisha chuma ndani ya mbao.

"Mbao nimekuja nayo," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Nitasubiri hapa hapa, fundi."

Wateja wangu huacha kazi wakaondoka. Huyu akavuta kiti, akakaa. Nikamshuku tangu hapo, lakini utamfukuzaje mtu kwa sababu viatu vyake ni safi?

Nikawasha koroboi. Nikapandisha utambi mpaka moto ukatoa moshi, nikashikilia kifuniko cha kopo juu yake mpaka masizi yakajaa. Nikayachanganya na tone la mafuta, nikapaka chini ya chuma kwa brashi. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Unakibandika chuma kwenye mbao, unakigonga kidogo, unakiinua. Pale mbao ilipochafuka nyeusi, ndipo inapokizuia chuma. Unapakwangua kwa patasi. Unapaka tena, unabandika tena. Polepole, mpaka chuma kinalala chote bila kuacha nafasi ya hata unywele.

Nikabandika. Nikagonga. Nikainua.

Doa moja refu, katikati.

Nikachukua patasi, nikakwangua. Uchafu wa mbao ukadondoka mezani, na harufu ikapanda puani.

Kafuri.

Nikajiambia ni mikono yangu. Nikainusa. Ilinuka mafuta ya taa. Nikaichukua ile takataka ya mbao, nikaisogeza puani... Kafuri.

Kutoka nyumbani, kaka akakohoa.

Nikapaka, nikabandika, nikainua. Doa jingine, pembeni kidogo. Nikakwangua.

Kaka akaguna.

Nikasimamisha patasi. Kimya. Nikaisogeza tena kidogo, taratibu, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria asisikike.

Kaka akalia. Mtu mzima mwenye mvi, analia kama aliyechomwa.

Nikageuka kumtazama mgeni. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Anatabasamu kidogo.

"Endelea," akanong'ona. "Bado panashika."

"Nafuata kitambaa cha kufutia," nikasema.

Nilivuka uani nikijizuia kukimbia. Wifi alikuwa kitandani pembeni ya kaka, amemfungua shati, anamfuta kifua kwa taulo yenye maji.

Kifuani mwa kaka palikuwa na alama nyeusi. Moja ndefu, katikati. Nyingine pembeni kidogo. Wifi alikuwa akisugua na hazitoki. Na chini ya weusi, nyama ilikuwa imebonyea. Kama imekwanguliwa.

Nikamvuta wifi mkono hadi kwenye kona.

"Ulikuwa unamnong'oneza nini yule mwanamke?"

"Niache, wifi."

"Sema!"

"Aliniuliza mgonjwa anaumwa wapi. Nikamwambia kifuani." "Juzi alinikuta sokoni, akasema anaweza kumtoa ugonjwa. Nilidhani ni mtu wa dawa."

"Ukampa nini?"

Akaikunja taulo mara mbili.

"Wifi. Ukampa nini?"

"Shati. Lile la buluu, lenye mistari. Alitaka lenye jasho."

Nikataka kumpiga. Namshukuru Mungu kwamba sikumpiga, na kuna siku nyingine najilaumu kwamba sikumpiga. Kwa sababu alipokuwa akisema alilia, lakini kila mara macho yake yalikuwa yanaenda dirishani, upande wa karakana. Kama mtu anayehofia kazi imesimama.

Kaka akaniita kwa mkono.

"Nani yuko karakana?"

"Mwanamke. Ameleta mtutu nimkalishie kwenye mbao."

"Huo mtutu una pengo mdomoni? Kama umeng'atwa?"

Nilikuwa nimeliona. Nikaitikia kwa kichwa.

Kaka akafumba macho. "Chuma kile nilikizika kwa mikono yangu."

"Wapi? Kwa nini?"

"Usikikalishe, dada. Kikilala chote..." Pumzi ikamwishia. Akageukia ukutani, na mpaka leo jibu lake ni hilo hilo, mgongo.

Nikarudi. Jua lilikuwa linazama, na mwanga wa mwisho uliingia dirishani mwekundu. Mgeni alikuwa amesogeza kiti mpaka mezani. Kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya mbao, anaipapasa, kama unavyompapasa mbuzi unayetaka kujua amenona wapi.

Nikafikiri haraka. Kuichoma mbao? Kaka angeungua. Kuitupa nje? Angeiokota. Kuendelea kukwangua, ndicho alichokuja kutaka.

Katika kazi yetu chuma hakiguswi. Chuma kikigoma, unaikata mbao. Baba alitufundisha hivyo, na nimewafundisha wengine hivyo.

Nikakichukua chuma, nikakibana kwenye jiliwa la mezani. Nikatoa tupa ya kaka, ile ya kusagia chuma, kwenye ndoano yake.

"Unafanya nini, fundi?"

"Panashika," nikasema. "Si umesema panashika?"

Nikavuta tupa. Krrrr.

Mgeni akasimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Chuma hakipigwi tupa! Mbao ndiyo hukatwa!"

Krrrr.

Akashika kifua. Kwenye gauni lake, chini ya mkono, pakatokea unyevu uliong'aa ukisambaa. Harufu ya utambi ikajaa karakana nzima mpaka machozi yakanitoka. Sikuacha. Krrrr... krrrr...

"Basi," akanong'ona. Sasa sauti ilikuwa imekwaruzika, kama inatokea ndani ya bomba. "Basi, mwanangu. Nipe chuma changu."

"Chukua. Mbao inabaki."

"Mbao ni yangu. Nimekuja nayo."

"Mbao ni kaka yangu," nikasema.

Tukatazamana. Koroboi ilikuwa inafuka moshi katikati yetu.

Akafungua jiliwa mwenyewe. Akakumbatia kile chuma kwapani kama anabeba mtoto mgonjwa, akaenda mlangoni. Wifi alikuwa amesimama pale. Sikujua amefika lini. Akampisha.

Na nikamsikia wifi akisema, kwa sauti ya chini sana:

"Nisamehe."

Hakuniambia mimi. Alimwambia yule.

Nilichungulia barabarani. Tope lote, na nyayo ni zangu tu, za kandambili.

Kaka alipona. Siku chache baadaye alikuwa anakaa uani, wiki iliyofuata akashika nyundo. Weusi ulififia ukabaki kijivu, kama kidole kimefutwa hapo, lakini kile kibonyeo hakijajaa. Nikimuuliza kuhusu mtutu anaanza kutafuta kifaa ambacho hakijapotea. Kuhusu mke wake hataki kusikia neno. "Ameniuguza kitandani," anasema. "Utanigombanisha na nani, dada?"

Ile mbao sikuitupa. Ningeitupaje? Niliifunga kwenye gunia, nikaificha ndani ya dari ya karakana, juu ya boriti, mahali pasipofikika bila ngazi. Siku za joto naishusha naipaka mafuta isipasuke. Nafanya hivyo kaka akiwa amelala na wifi akiwa ametoka. Sijawahi kumwambia mtu. Si kaka, si wifi, si jirani.

Wiki iliyopita joto lilikuwa kali. Nikaweka ngazi, nikaishusha, nikafungua gunia.

Ilikuwa imeshapakwa mafuta. Mabichi.

Sikula siku hiyo. Nikaihamisha, na ilipo sasa hata wewe sikwambii.

Asubuhi yake wifi alikuwa uani anachambua mchele, ungo mapajani. Nikampita na ndoo yangu. Hakuinua uso.

"Wifi," akasema, taratibu, anaokota kijiwe na kukitupa kando. "Ile mbao mbona umeihamisha?"