Daftari la Ijumaa

Bikari ya kuchorea duara ilikuwa imebaki moja tu katika duka la Bwana Abdurahman pale Kona ya Musa, na mikono iliyoishika ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa na hina iliyoanza kufifia, wa pili ulikuwa na makovu ya chokaa. Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya masomo, Januari 1965, na duka lilijaa watu waliotaka sukari na mafuta ya taa. Nje, basi la Msambweni lilikuwa likipiga honi.

"Niachie, bwana," alisema mwenye hina. "Barua ya chuo imesema asiye na bikari atahesabiwa hakuja."

Mwenye makovu alitoa mfukoni barua ile ile, yenye mhuri ule ule. Wakatazamana. Msichana alikuwa Mwanapili wa Bongwe, mwenye gauni la maua ya manjano lililochungulia chini ya buibui na viatu vyeupe vilivyopakwa chaki asubuhi hiyo. Kijana alikuwa Makame wa Wasini, mwana wa mwashi. Shati lake lilipigwa pasi hadi likasimama lenyewe.

Makame alilipa, kisha akamtia bikari mkononi.

"Ishike wewe. Mimi nitakaa karibu nawe."

"Kwani nimekukaribisha?"

"Wewe hapana. Bikari ndiyo iliyonikaribisha."

Mwanapili alikaza uso asicheke, akashindwa. Basi lilikaribia kuwaacha.

Chuo chenyewe, cha ualimu, kilikuwa kidogo, vyumba vitatu vya mabati nje kidogo ya Msambweni. Serikali mpya ilitaka walimu upesi. Wavulana walilala palepale chuoni, wasichana wanne waliokuwako walikuja kwa basi na kurudi makwao. Wanafunzi wote ishirini na sita waliogopa kitu kimoja, nacho ni somo la hesabu la Mwalimu Kenga. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, asiyebadilisha neno lake. Siku hiyo ya kwanza aliandika masharti ubaoni, akawataka wayanakili kabla ya namba yoyote. Somo huanza saa mbili kamili. Anayechelewa zaidi ya dakika kumi hakuja. Asiye na vifaa hakuja, hata akiwa amekaa kiti cha mbele. Anayekosa mara nne kwa mwaka hafanyi mtihani wa mwisho. Mwenye dharura alete habari kwa kiranja kabla ya kengele, aandikiwe R, yaani ruhusa, na hiyo haihesabiwi kuwa ni kukosa.

"Kila mmoja atasimama ubaoni," alisema. "Ukikosea nitakusahihisha. Ukinyamaza sina la kukusaidia. Na kiranja akiandika uongo, wa kumpendelea mtu au wa kumwonea, mtihani utakaopotea ni wake yeye."

Kisha akatazama nani amekaa wima kuliko wenzake, akampa daftari la mahudhurio Makame.

Kwa hiyo kiranja mwenyewe hakuwa na bikari. Ile moja ilipita chini ya meza kutoka mkono hadi mkono, na kila ilipopita vidole vilichelewa kidogo kuachana. Mwanapili alikuwa mwepesi wa aljebra, Makame wa pembe na duara, maana alikulia kwenye kamba na timazi za baba yake. Walifundishana wakati wa mapumziko. Kufika Machi Mwanapili alikuwa akimwita Makame "mwalimu wangu", naye akimwita "nuru yangu", na darasa zima lilijua ila wao walidhani ni siri. Siku moja Makame alimwuliza kama nyumbani kwao ana kaka wa kumwogopa. Mwanapili akacheka, akasema baba yake alijaliwa mabinti watano watupu. Makame akalala usingizi mzuri.

Lakini Makame alikuwa na wivu. Nasema mapema msije mkamwonea huruma isiyomstahili. Alimwonea wivu kondakta wa basi kwa kuwa alimshika mkono Mwanapili akishuka. Alimwonea wivu Matano, aliyekaa nyuma yao, kwa kuwa aliomba kueleweshwa hesabu za sehemu. Mwanapili akisifiwa na Mwalimu Kenga ubaoni, Makame alifurahi kwa mdomo, moyoni akajiuliza mzee yule anatabasamu nini. Wivu ulimkaa kama mchanga ndani ya kiatu, na hakutaka kuvua kiatu atazame.

Mwezi wa saba Mwanapili alikosa siku mbili mfululizo. Aliporudi, macho mekundu, alisema mama yake ni mgonjwa na hakupata njia ya kuleta habari. Makame alisikitika kwa dhati, akamnakilia masomo yote. Jumamosi alitumwa na chuo kununua chaki Kona ya Musa, na hapo sokoni akakutana uso kwa uso na mama yake Mwanapili, aliyemjua tangu siku ya wazazi. Alikuwa amekaa nyuma ya fungu la mihogo, anatafuna tambuu, mzima wa afya.

"Shikamoo, mama. Wajionaje sasa?"

"Marahaba, mwanangu. Najionaje vipi? Mimi sijaumwa tangu mwaka jana."

Makame alinunua muhogo asioutaka, akaondoka na boksi lake la chaki. Alipofika duka la Bwana Abdurahman alisimama ghafla. Barazani alikuwa Mwanapili, mtandio umeanguka mabegani, nywele zake wazi, naye hana habari. Kando yake kijana mrefu mwenye kanzu iliyokunjwa mikono alikuwa akimfuta machozi kwa ncha ya leso yake. Mfukoni mwa kanzu ya kijana huyo ilichomoza bikari. Bikari yao.

Swali moja tu lingemtosha, na Mwanapili alikuwa hatua ishirini mbele yake. Hakuuliza. Alirudi Msambweni akaliacha boksi la chaki ndani ya basi.

Wiki iliyofuata Mwanapili alifika saa mbili na dakika kumi na moja, anahema. Makame aliangalia saa, akaandika kuwa hakuja. Hiyo ilikuwa mara ya tatu. Mwanapili alipomnong'oneza kumwuliza amemkosea nini, alijibiwa kwamba masharti ni masharti. Bikari ilipita chini ya meza siku hiyo bila kidole kugusa kidole.

Alhamisi, robo saa kabla ya kengele, karani alimwita kiranja ofisini kwenye simu. Sauti ya mwanamume ilitoka mbali, ikikwaruza.

"Nasema na kiranja wa hesabu? Mimi Salimu, napiga simu kutoka dukani Kona ya Musa. Dada yangu Mwanapili hatafika leo. Mama kazidiwa, tunampeleka hospitali. Amesema ukiambiwa wewe itatosha."

"Dada yako?"

"Ndiyo, dada yangu. Tafadhali, ndugu yangu, asije akakosa mtihani."

"Nimesikia," Makame alisema, akakata simu.

Dada yake! Mabinti watano watupu, mama anauza mihogo, na huyu anamwita dada. Mbele ya jina la Mwanapili akaandika kuwa hakuja. Mara ya nne.

Orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani ilibandikwa Jumatatu. Ilikuwa na jina moja. Mwanapili alilisoma, akalisoma tena, kisha akamfuata Makame chini ya mapaa ya mabati ambako wenzake hawasikii. Hakulia.

"Simu haikufika?"

"Ilifika."

"Nawe ukaandika hivi?"

"Mama yako nilimwona kwa macho yangu, mzima. Kaka uliniambia huna. Na huyo Salimu nilimwona anakufuta machozi, bikari yetu mfukoni mwake. Ulitaka niandike nini?"

Mwanapili alimweleza polepole. Mama yake alipomzaa alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Jirani yao Mama Mbeyu, aliyekuwa na mtoto mchanga, alimchukua akamnyonyesha miaka miwili pamoja na mwanawe huyo. Mtoto huyo ndiye Salimu. Kwa sheria ya dini ni ndugu yake, hawezi kumwoa hata dunia ikibaki na wao wawili, naye Mwanapili hana haja ya kujifunika mbele yake. Bongwe nzima ilijua hayo, na hakuna aliyeita "mama wa kunyonya" wala "kaka wa kunyonya". Mama ni mama, kaka ni kaka. Mgonjwa ni Mama Mbeyu, na siku ile barazani Salimu alikuwa akimtuliza, bikari amemshikia tu. Na alipoulizwa kama ana kaka wa kuogopwa, alisema, alihesabu wa baba yake tu.

"Wewe pia umelelewa pwani, Makame. Ungeniuliza tu, ningekwambia."

"Mama Mbeyu yuko vipi?"

"Yu hai. Mwulize daktari, mimi huniamini."

Makame alisema atamwomba radhi mbele ya yeyote. Alijibiwa kuwa radhi haifanyi mtihani. Na hatakwenda yeye kumshtaki, alisema, maana anajua sharti la kiranja mwongo, na hataki kufaulu kwa kumwangusha mtu aliyewahi kumwita nuru. Akaondoka na viatu vyake vyeupe, mgongo wima.

Ndipo Makame alipouona wivu wake ulivyo, na aliona haya kama aliyekutwa na kitu cha wizi. Kama angenyamaza, angekuwa mwalimu mwaka ule ule. Baba yake alikwisha kutangaza Wasini nzima. Alizunguka uwanja mara tatu, kisha akabisha mlango wa Mwalimu Kenga, akaweka daftari mezani, akaeleza yote bila kujitetea.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Alichukua kalamu, akakata ile alama ya nne, akaandika R. Kisha akakata jina la Makame katika orodha ya watahiniwa.

"Utarudia mwaka," alisema. "Na ile bikari moja naijua tangu Januari. Nilingoja kuona mtafika wapi nayo."

Novemba Mwanapili alifanya mtihani. Makame alikaa nje akisikia kalamu za wenzake. Mwanapili alipotoka alimpitia, akasimama, akamwekea bikari kwenye goti.

"Mwaka ujao utaihitaji. Bila vifaa utaandikwa hukuja."

"Nawe? Umenisamehe?"

"Sijui bado. Mama Mbeyu anataka kukuona. Njoo kwake kila Ijumaa baada ya sala, saa nane. Daftari nitashika mimi. Ukikosa mara nne, usirudi."

Makame alikwenda. Ijumaa baada ya Ijumaa alishuka Kona ya Musa, akatembea hadi Bongwe, akamwamkia Mama Mbeyu aliyekuwa akipona taratibu, akala bada, ule ugali wa muhogo, na samaki, akasaidiana na Salimu kukandika ukuta uliobomoka. Mwanapili, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, alikuja, akaketi mbali, akaandika katika daftari lenye miraba, akaenda zake. Hakumwita mwalimu wangu. Makame hakuuliza.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano hakuonekana. Bwana Abdurahman alileta habari mwenyewe, kwamba kijana wa Wasini amepiga simu kutoka hospitali. Dada yake Waridi amezidiwa na uchungu wa kuzaa, na yeye ndiye aliyemleta.

Ijumaa iliyofuata alifika mapema, jasho likimtiririka. Mwanapili alimfungulia daftari. Kulikuwa na alama ishirini na mbili za kufika, na mahali pamoja, R.

"Uliniambia wewe ni mtoto wa pekee," alisema. "Huna dada."

"Waridi ni binti wa ami yangu. Tumelelewa nyumba moja. Amejifungua mtoto wa kiume. Hakuna aliyekueleza?"

"Hakuna aliyenieleza. Wiki nzima nimekaa nikimfikiria huyo Waridi, nimemchora sura na mavazi, nimemchukia. Nimejua sasa wivu unavyouma, Makame, sikufichi. Lakini R niliiandika siku ile ile, kabla ya kujua lolote."

Ndani, Mama Mbeyu alikohoa kwa makusudi.

"Wazee wangu walete posa lini?" Makame aliuliza.

Mwanapili alifunga daftari. "Ijumaa ijayo, saa nane kamili," alisema. "Na uwaambie wazee, mwalimu wangu, dakika kumi ni dakika kumi."