Fidla za Mbele

Mwalimu wa okestra aligonga stendi yake ya nota kwa kijiti na kutangaza kwamba Sista ahamie fidla za kwanza, mbele kabisa. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Fundi, na hilo ndilo lililomuuma Sista.

Sista alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Fundi alitengeneza umeme majumbani. Tangu wajiunge na ile okestra ya watu wanaokutana jioni baada ya kazi, walikaa fidla za pili, wakisoma nota kwenye stendi moja, magoti yakikaribia kugusana. Kila mtu alijua wanapendana, ila wao hawakuwahi kulitamka.

Wakati wa chai, shoga yake anayepiga selo akamnong'oneza kwamba ni Fundi mwenyewe aliyemwomba Mwalimu amhamishe. Sista hakumaliza chai yake. Alifunga fidla kwenye boksi lake akaondoka bila kuaga.

Simu ikaita, hakupokea. Ikaingia meseji ya Fundi: "Umeondoka bila kuniaga. Nimekukosea nini?"

Akajibu: "Kama ulinichoka ungeniambia mwenyewe."

Kesho yake alipotoka zamu alimkuta Fundi kwenye geti la hospitali, bado na ovaroli ya kazini, mkoba wa vifaa begani.

"Ni kweli ulimwomba anitoe?"

"Kweli."

"Nilikukera nini?"

"Hujanikera. Tukifika kwenye vipande vigumu unapunguza sauti kama nawe umekwama, ili nikikosea nisionekane mimi peke yangu nisiyejua. Nakaa ubavuni kwako, Sista. Nasikia."

Sista alitazama chini. Alidhani siri hiyo ni yake peke yake.

"Sikutaka uaibike mbele za watu."

"Najua, na ndiyo maana nakupenda. Lakini sitaki mke anayejipunguza kwa ajili yangu."

"Mke wa nani?"

Fundi akajikuna shingo. Alikiri kwamba maneno hayo aliyapanga kwa ajili ya siku nyingine, akiwa amevaa vizuri.

"Wangu, ukiniridhia."

Sista akacheka mpaka mlinzi wa geti akageuka. Akampokea ule mkoba wa vifaa, mzito kama nini, wakaondoka wakipokezana.

Siku ya onyesho Sista alikaa mbele, akapiga fidla kwa sauti yake yote, bila kumsitiri mtu. Huko nyuma Fundi aliteleza kwenye nota moja, ikasikika hadi viti vya mwisho. Mwalimu akakunja uso. Sista akatabasamu tu, upinde haukusimama.

Baadaye alimshika Fundi mkono akampeleka kwa mama yake, aliyekuwa bado ameketi viti vya mwisho, pochi yake kwenye kiti cha pembeni.

"Mama, huyu ndiye niliyekwambia."

Mama akamtazama juu mpaka chini, kisha akasogeza pochi kumpa nafasi.

"Nimeshamsikia. Kaa hapa, baba, unieleze mnataka kuoana lini."