Jicho Lililokataa Kufumba

Namutebi na mumewe Waiswa walihamia Juba, Sudan Kusini, kutoka Uganda. Wanaishi mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto. Namutebi huuza chapati na chai kwa watu wa bandarini. Waiswa anafanya kazi ya mizigo uwanja wa ndege. Siku nzima anafunga maboksi kwa utepe mpana wa gundi. Kwa Waiswa, kila kilicholegea dawa yake ni utepe.

Jumatatu moja asubuhi, Namutebi alikuwa anapiga mswaki. Maji yakamwagika upande wa kulia wa mdomo. Akasukutua tena, yakamwagika tena. Akachukua kioo, akajitazama. Mdomo umeenda kushoto. Shavu la kulia limening'inia. Akafumba macho asijione.

Bado alijiona. Jicho la kulia lilikuwa limekataa kufumba.

"Baba Shallon," akaita. Shallon ni binti yao.

Waiswa alipomwona, kikombe kilimtoka mkononi. "Banange! Nani amekufanya hivi?"

"Sijui. Jana nililala mzima."

Na bwana huyu alifanya nini? Alichukua utepe wa maboksi, akaubandika kwenye shavu la mkewe, akalivuta juu hadi sikioni. Usimcheke. Mtu akishtuka, hufanya analolijua.

"Hiyo ni pepo," alisema. "Kesho tunapanda basi ya Kampala. Nyumbani iko watu wanajua hiyo kitu."

Wakati huo Adeng aliingia kununua chai. Adeng ni jirani yao. Alikulia Nakuru, Kenya, na sasa ni tabibu katika kituo cha afya. Alisimama mlangoni akakodoa macho.

"Waiswa, huyu ni mtu ama ni katoni?"

"Kesho mimi napeleka yeye nyumbani."

"Na hiyo vumbi yote ya barabara? Jicho haifungi, Waiswa. Itakauka, iingie vidonda. Unaweza kumfikisha Kampala akiwa haoni na hilo jicho."

Waiswa alilitazama jicho la mkewe. Alikuwa ameona mdomo tu. Jicho hakuliwaza hata kidogo. Hofu ilimshika upya, kubwa kuliko ya kwanza.

Walibandua ule utepe polepole kwa mafuta, wakaenda kituoni. Adeng alimpima presha na sukari. Akamchunguza masikio, akamwambia ainue mikono na atembee. Kisha akavuta kiti.

"Mama Shallon, kutoka kwa ubongo kuna jozi kumi na mbili za neva za kichwa. Neva hupeleka habari na amri. Kila jozi iko na kazi yake. Leo tutaziuliza zote."

Alimnusisha tangawizi. Namutebi akaitambua, hiyo ni neva ya kwanza. Akahesabu vidole vya Adeng. Ya pili ni ya kuona. Akafuata kidole kwa macho, juu, chini na pembeni. Neva ya tatu, ya nne na ya sita huzungusha macho. Adeng akamgusa shavu la kulia kwa pamba.

"Nasikia," alisema Namutebi.

Waiswa aliruka. "Inasikia, lakini haisogei? Kwani hiyo shavu iko na mabosi wawili?"

"Ndiyo. Neva ya tano huhisi. Ya saba husogeza uso. Mama, kunja paji la uso."

Paji lilikunjana kushoto tu. Adeng akaendelea. Namutebi alisikia mnong'ono kwa neva ya nane. Akameza maji vizuri. Hapo ni ya tisa na ya kumi. Akainua mabega kwa ya kumi na moja. Akatoa ulimi kwa ya kumi na mbili, ukanyooka.

"Ni ya saba peke yake," alisema Adeng. "Inapita kwa njia nyembamba ndani ya mfupa, karibu na sikio. Imevimba, ikabanwa."

"Si kiharusi?" aliuliza Waiswa.

"Hapana. Kwa kiharusi, mara nyingi paji bado hukunjana, na mkono ama mguu hulegea. Lakini msijipime nyumbani. Mdomo ukienda upande, kimbieni hospitali mara moja. Hata dawa ya hii hufaa ikianza ndani ya siku tatu. Mngezimaliza kwa waganga."

Namutebi alipewa vidonge vya kupunguza uvimbe. Alipewa matone ya kulainisha jicho mchana, na mafuta ya jicho ya kulalia. Kila akilala, Waiswa alilifumba jicho kwa kidole, akabandika plasta laini aliyopewa kituoni. Moshi ulikatazwa. Kwa hiyo Waiswa alikaanga chapati mwenyewe kabla ya kwenda kazini. Zilikuwa na pembe, lakini wateja walivumilia.

Wiki ya tatu, shavu lilicheza kidogo. Wiki ya nane walirudi kituoni.

"Fumba macho kwa nguvu," alisema Adeng.

Namutebi akafumba. Adeng akaweka kidole gumba kwenye kope la kulia, akajaribu kulifungua. Likakataa. Akajaribu tena. Likakataa tena.

"Wacha mimi nijaribu," alisema Waiswa. Alilishika kope polepole, likakaza, halikufunguka. Akatoa mkono, akalia mbele ya wagonjwa wote.

Namutebi akafumbua macho yote mawili, akamtazama.