Jawaher Hakwenda Kozi

Siku tatu kabla ya Idi Kubwa, ukiingia kwa mshoni mtaa wa Hamriya, Maskati, usitegemee kusalimiwa. Watu wamejazana mpaka mlangoni, kila mmoja na risiti yake mkononi, na kila mmoja anaapa kuwa nguo yake iliahidiwa jana. Kiyoyozi kinanguruma tu, baridi hakitoi. Hapo ndipo Jawaher binti Humaid alipopokea mfuko wake, akageuka aondoke, akasikia sauti ya mwanamme nyuma yake.

"Dada! Samahani dada, umechukua kanzu zangu!"

Alikuwa kijana mrefu, kofia yake ya nakshi za buluu imekaa upande kidogo, na mkononi amekishika kitu cheupe amekinyanyua juu mbele ya halaiki nzima. Ilikuwa aproni. Ina mifuko miwili mikubwa na kamba za kufungia nyuma.

"Na wewe umechukua zangu," alisema Jawaher. "Hebu ikunje basi, unaninadia?"

Watu waliangua kicheko. Kijana akaikunja ovyo ovyo, masikio yamemuiva.

"Ziko sita," alisema, wakibadilishana mifuko. "Umefungua mkahawa?"

"Nna safari. Mwezi wa nane nakwenda Hispania, kutandika vitanda."

"Lo! Na huko wametindikiwa na watandikaji?"

"Wametindikiwa na wanaotandika vizuri."

Basi Loai, maana ndilo jina lake, mhandisi wa barabara mwenye miaka thelathini na moja na ulimi usiokosa neno, siku hiyo alilikosa. Alitoka naye mpaka barabarani kwenye jua la kuchomea mkate, akamuuliza kama ni kweli au anamtania.

Ilikuwa kweli. Wote wawili ni watoto wa Waomani waliorudi kutoka Unguja, Kiswahili ndicho walichonyonya, na Jawaher alikuwa na miaka mitano serikalini akipiga mihuri karatasi za watu. Alikuwa amechoka. Babu yake alimwachia nyumba Qantab, pwani ya Maskati, vyumba vinne vinavyotazama ghuba, na yeye aliazimia kuifanya nyumba ya wageni ambayo mtu akitoka hapo ataisema kwao. Tatizo moja tu: kazi hiyo hakuijua. Ndipo akampata kwenye mtandao mjane mmoja wa kijiji cha milimani Hispania, Bi Remedios, mwenye nyumba ya wageni inayofurika kila msimu wa sikukuu za kijiji. Anapokea watu wa kujitolea: saa tano za kazi kwa siku, malazi na chakula, mshahara hakuna. Jawaher alimwandikia mapema kuwa mvinyo hagusi na nguruwe hagusi. Bi Remedios akamjibu kwamba mashuka yapo ya kutosha, aje.

Sasa mtu wa aina hiyo, nani asimpende? Mie simlaumu Loai. Mwezi wa saba wote simu yake haikupoa.

"Umelala?"

"Saa kumi jioni, nalala vipi?"

"Basi nimekukumbuka. Hilo nalo kosa?"

"Uliniacha saa saba, Loai. Hata chai haijashuka tumboni."

"Roho yangu, mie nnakukumbuka nikiwa nimekaa mbele yako."

Walikutana bandarini Matrah, wakanywa karaki, chai nzito ya maziwa, kwenye vikombe vya karatasi, wakarushiana maneno ya utani. Yeye na buibui lake jeusi la mikono mipana na mtandio wa rangi ya zabibu, mwenzake na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Loai akasema Jawaher akirudi tu safari, atamleta mama yake kuposa. Jawaher alicheka, lakini usoni alikuwa ameshakubali.

Huyo mama sasa. Bi Zakiya alizaliwa Malindi, Unguja, akaja Maskati kigori, na kote alikopita alitembea kichwa juu. Nyumbani kwake kitanda hatandiki yeye wala hatandiki mwanawe. Anatandika Nabaggala, msichana wa Kiganda aliyekuwa na miaka mitatu kazini hapo. Loai alipomweleza kuwa kuna binti, na kwa sasa yuko Ulaya, mama aliuliza swali moja.

"Na huko Ulaya kafuata nini?"

Loai alifungua mdomo aseme kweli. Nabaggala alikuwa hapo hapo anakusanya vikombe, mama anamtolea macho mwanawe, na ile kweli ikamkwama.

"Kozi, mama. Uongozi wa mahoteli."

"Mashaallah! Na cheti watapewa?"

"Watapewa."

Uongo ulimtoka laini, hata hakujikwaa. Na Bi Zakiya hakulala nao. Kufika Ijumaa, ukoo mzima ulishajua mkwe mtarajiwa yuko Ulaya anasomea umeneja.

Meneja mwenyewe wakati huo alikuwa amepiga magoti anasugua choo. Alivaa shati refu, suruali pana, mtandio amefunga nyuma ya shingo na aproni ya Hamriya juu yake, na nakwambieni, alikuwa hajapata kupendeza hivyo. Asubuhi alitandika vitanda kumi na moja. Bi Remedios alipita nyuma yake akivuta shuka, penye mkunjo analifumua lote. Wiki ya kwanza Jawaher alilia kidogo bafuni. Wiki ya pili mkunjo haukuonekana. Sikukuu zenyewe zilipoanza, kijiji kilifurika: fataki mchana kweupe, majitu ya karatasi yenye vichwa vikubwa yanacheza barabarani, bendi inapita chini ya madirisha. Siku ya karamu Bi Remedios aliungua mkono, na wageni ishirini na wawili wakabaki na njaa. Jawaher akajifunga, akawapikia wali wa zafarani na samaki kwa mkono wa kwao. Wanawake wa kamati ya kijiji walikuja kuonja, wakaonja tena, kisha wakamvisha shingoni kitambaa chekundu wanachovaa wao siku hiyo, wakamkalisha meza ya wapishi.

"Loai, leo nnajivuna mpaka naona haya," alimwambia kwenye simu, fataki zinalia nyuma yake.

"Jivune, habibti. Na mie nnajivunia wewe."

Aliyasema hayo, na kwake yeye yalikuwa kweli. Ila alikuwa akijivunia chumbani, mlango umefungwa.

Siku mbili baadaye Jawaher alikuwa anapanda ngazi na ndoo ya maji ya sabuni, simu ikalia. Namba ya Maskati asiyoijua.

"Jawaher? Mie Zakiya, mama yake Loai. Namba nimeichukua kwenye simu yake, nimeona siwezi kungoja. Hongera mwanangu! Masomo yanakwendaje?"

"Masomo, mama?"

"Kozi! Loai kanambia yote. Lini mnapewa vyeti? Nataka picha, niwaoneshe wenzangu."

Jawaher aliiweka ndoo chini. Angeweza kumwaga kila kitu pale pale. Hakumwaga, kwa sababu alilelewa.

"Inshaallah mama," alisema. "Nisalimie nyumbani."

Kisha akampigia Loai. Loai alipokea kwa furaha zake.

"Roho ya roho yangu!"

"Niko kozi gani?"

"Kozi?"

"Nakuuliza, Loai. Niko kozi gani, maana mie mwenyewe sijijui. Nna ndoo hapa na brashi ya choo. Labda ndivyo vitabu vyenyewe."

"Nisikilize. Mama yangu unamjua wewe? Nilitaka kwanza akupende, halafu..."

"Ampende nani? Huyo wa kozi? Basi kamuoe huyo."

"Jawaher, wallahi sikukusudia."

"Umenionea haya," alisema. "Siku ile kwa mshoni uliinua aproni yangu watu wote wakaiona, nikakuona mwanamme. Kumbe mbele ya mamako unaificha. Usinipigie."

Alikata. Loai akampigia mara thelathini, hakupokea hata moja. Jawaher akasafisha vyoo vyote vya ghorofa ya juu, machozi yanadondokea kwenye ndoo, na vyoo vikang'ara.

Loai siku tatu hakula. Ya nne akamkalisha mama yake akamwambia ukweli wote. Bi Zakiya alishika kifua.

"Kazi ya utumishi! Mwana wa watu, na baba yake anajulikana! Uso wangu nitauweka wapi? Loai, hiyo ni aibu, aibu tupu!"

Nabaggala alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Aliiweka mezani taratibu, akarudi jikoni. Bi Zakiya wala hakugeuka. Loai alimwona, na moyo ukamshuka, maana alijua aibu ile ameianzisha yeye. Alimfuata jikoni.

"Nabaggala, unisamehe. Mama hakukukusudia wewe."

"Hakuna shida, bosi." Alikuwa anakausha vikombe vilivyokwisha kukauka. "Lakini nikuambie kitu. Kule kwetu Masaka mama yangu anaambia kanisa lote kwamba mtoto wake yuko Oman anafanya kazi. Anasimama kabisa mbele ya watu anasema. Sasa wewe wako unamficha kwa nini?"

Loai akasema jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulisikia.

"Nifundishe kutandika kitanda."

Nabaggala alicheka mpaka akakaa. Lakini alimfundisha, jioni tano mfululizo. Alimwonesha kuvuta shuka, kukunja pembe na kuziingiza chini ya godoro, na kila Loai akikosea alilitoa lote. "Rudia, bosi!" Alifurahi kulisema neno hilo kuliko kupokea mshahara.

Jawaher alirudi mwanzo wa mwezi wa tisa, akashukia Qantab moja kwa moja. Ijumaa ya pili alisikia gari nje. Loai aliingia na mashuka mapya mikononi, hakusema neno, akapita chumba kwa chumba. Alipomaliza vitanda vinne, kanzu imemganda mgongoni kwa jasho. Jawaher akapita nyuma yake, akavuta shuka la kwanza. La pili. La tatu. La nne.

"Pembe hizi kakufundisha nani?"

"Nabaggala."

"Ana akili kuliko wewe."

"Najua. Jawaher, nisamehe. Mama nimeshamwambia kweli."

"Na ukoo wako? Wale wote waliokwishapewa habari za kozi?"

Loai aliinama kulinyoosha shuka lililokwisha kunyooka. Ukweli ni kwamba Bi Zakiya alikuwa amekubali posa kwa sharti moja: neno la kozi lisifutwe. Amekwisha kulisema kwa watu, halirudi.

"Umetandika vizuri," alisema Jawaher. "Lakini humu ndani tuko wawili. Uliyemdanganya si mie, Loai. Uliwadanganya watu juu yangu. Njoo upose ukitaka, mlango uko wazi. Nikisikia neno kozi nyumbani kwetu, jibu langu unalo."

Siku ya posa wanaume walijaa majlisi, sebule ya wageni ya Mzee Humaid, baba yake Jawaher, vilemba vya kashmiri rangi kwa rangi, halwa katikati, udi unafuka. Chumba cha ndani walikaa wanawake, na Bi Zakiya mbele yao, dhahabu mpaka kiwiko. Jawaher alikaa pembeni na nguo ya kijani iliyotariziwa kifuani. Mlango wa kati ulikuwa wazi kidogo, pazia limeteremshwa. Kila neno lilisikika.

Msemaji alikuwa Ammi Khattab, kaka wa marehemu baba yake Loai. Mposaji mwenyewe siku kama hiyo hana mdomo. Hukaa akainamisha kichwa, wakubwa wakamsemea.

"Tumekuja kutaka heshima kwenu," alianza Ammi Khattab, sauti yake nzito. "Binti yenu tumesikia sifa zake. Binti aliyesoma, aliyetoka juzi Ulaya kwenye ko..."

"Ammi, niwie radhi."

Loai alikuwa amesimama.

"Mzee Humaid, niwieni radhi nyote. Jawaher hakwenda kozi. Cheti hana. Alikwenda kutandika vitanda na kusugua vyoo vya wageni mwezi mzima, kwa hiari yake, ili aijue kazi yake. Hiyo kozi ni uongo wangu. Nilimdanganya mama yangu, mama akasema alichoambiwa. Haya zilikuwa zangu, si zake. Nyinyi wote mnajua kusema kwamba mnajivunia watoto wenu. Na mie najivunia yeye, kuliko kitu chochote nilichokwishafanya mwenyewe. Mkinikatalia, nikatalieni mkiwa mnajua kweli."

Chumba cha ndani wanawake wote walimgeukia Bi Zakiya. Bi Zakiya aliipanga bangili moja, akaipanga ya pili. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na kichwa hakikushuka hata nukta.

"Mnamsikia?" alisema. "Huyo ndiye niliyemzaa mie. Hajui kunyamazia uongo, hata wake mwenyewe."

Kisha akamtazama Jawaher, akamtazama juu mpaka chini.

"Na hivyo vyoo ulivisugua vikatakata?"

"Vikang'ara, mama."

"Haya. Maana mie mkwe mchafu simtaki."

Hapo Mzee Humaid aliingia. Mkewe alikwishafariki, basi kazi ya kumuuliza binti ilikuwa yake. Aliinama mbele ya Jawaher, ndevu nyeupe, macho mekundu.

"Mwanangu, umemsikia. Unasemaje?"

Kwa desturi msichana hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Wanawake walishaziba midomo kwa viganja, vigelegele viko kooni vinangoja. Jawaher aliinuka. Alitembea mpaka kwenye pazia, pale ambapo majlisi nzima itamsikia, Ammi Khattab na vilemba vyote.

"Namtaka, baba," alisema. "Na mwambie wageni wangu wa kwanza wanafika keshokutwa. Saa moja asubuhi awe Qantab."