Njia ya Boti ya Barafu

Alfajiri Tabu alipotoka kuchota maji, ukungu ulikuwa umelala juu ya mikoko na vijito vya delta vilionekana kama vinaelea. Aliporudi alimkuta Zuhra, mtafiti wa uchumi aliyefikia kwao, ameketi barazani na kompyuta. Kwenye kioo chake, juu ya ramani ya visiwa, mistari ya rangi ilizaliwa, ikafifia, ikazaliwa tena.

"Dada Zuhra, hii nini?"

"Njia za boti itakayowaletea wavuvi barafu kutoka bandari ya Nyamisati. Kompyuta inabuni njia nyingi. Zenye gharama ndogo zinaoana, zinazaa njia mpya. Zenye gharama kubwa zinakufa. Mwishowe inabaki iliyo bora."

Tabu alitazama kama aliye ndotoni. Kisha akaona kwamba hakuna mstari uliogusa kisiwa chao cha Kifuma. Bila barafu, kamba anaowavua mama yake wangeendelea kuharibika kabla ya kufika sokoni.

"Nilikuomba unihesabie ndoo za kamba bandarini," Zuhra alisema. "Kwa siku zinafika ngapi?"

"Ishirini," Tabu alijibu. Kwa kweli zilikuwa tano.

Zuhra akaiingiza idadi hiyo. Mistari ikacheza polepole, ikatulia juu ya Kifuma. Moyo wa Tabu ukawa mwepesi, hadi alipoona kisiwa cha jirani, kwao rafiki yake Mwanaidi, sasa kimeachwa.

Shuleni Mwanaidi alimwambia, "Baba anasema barafu ikifika, hatutalazimika tena kuhamia mjini Kibiti." Tabu alishindwa kumtazama usoni.

Jioni alimfuata Zuhra. "Dada, nilikudanganya. Ndoo ni tano. Nilitaka boti ifike kwetu."

Zuhra aliifungua tena kompyuta. "Kesho ningeupelekea ushirika wa wavuvi, wenye boti, hesabu ya uongo. Lakini na mimi nimekosea. Niliiuliza kompyuta gharama ndogo tu, sikuiambia kisiwa chochote kisiachwe."

Akarekebisha idadi ya ndoo, akaongeza sharti hilo. Mistari ilizaana muda mrefu, ikielea kama ndoto, mpaka ukabaki mmoja uliopinda na kupita visiwa vyote.

"Njia hii itatumia mafuta zaidi," Zuhra alisema, "nami nitawaeleza wanaushirika wazi."

Ushirika ulikubali. Boti ilipotia nanga Kifuma mara ya kwanza, mama yake Tabu alijaza barafu kwenye ndoo zake huku akitabasamu.

Zuhra akamshika Tabu bega. "Kompyuta haijui uongo, mdogo wangu. Ukiipa uongo, itautafutia njia nzuri kabisa, na mwingine ataumia. Ukiwa na shida, itaje kama ilivyo. Hapo ndipo tunapoweza kukusaidia."